Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nirushe laivu kwenye jukwaa gani?

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu wanaotaka kuanza kurusha matangazo mubashara, au walioanza na sasa wameshika tama wakijiuliza kama wamekosea jukwaa. Nimeyajibu kwa upendeleo wangu wote, maana nami ni mrushaji kama wao. Masharti na asilimia hubadilika, kwa hiyo kabla ya kukubali mkataba wowote soma pia ukurasa wa msaada wa jukwaa lenyewe.

Nataka jibu fupi. Nianze na lipi?

YouTube, kama huna sababu ya kwenda kwingine. Sababu za kwenda kwingine zipo. Ukicheza gemu na unatafuta kampani ya wacheza gemu, nenda Twitch. Kama tayari una maelfu ya wafuasi TikTok na kazi yako yote unaifanyia kwenye simu, baki hukohuko. Kama watu wako wote wamezoea Facebook, kuwahamisha ni kujitafutia kazi.

Mimi humwuliza mtu swali moja kabla ya kumtajia jina lolote: ukishazima kamera usiku, asubuhi unataka ukute nini? Anayetaka kukuta zawadi alizotumiwa usiku huohuo ana njia yake. Anayetaka kukuta somo ambalo mgeni atalitafuta na kulipata mwaka ujao ana njia nyingine kabisa. Na yupo anayetaka kukuta watu 15 wanaojuana kwa majina, wanaorudi kila Alhamisi hata kama yeye hana jipya la kusema. Majukwaa hayafanani katika kutunza vitu hivi vitatu, na sijaona lililo hodari kwa vyote.

Si yote yana kitufe kimoja cha kwenda laivu? Tofauti iko wapi hasa?

Kitufe ni kilekile. Tofauti iko kwenye mlango anaoingilia mtazamaji.

Twitch mtu huingia akiwa amekuja kutazama laivu. Hufungua kundi la gemu fulani au la mazungumzo, akakuta orodha ambayo kwa kawaida wenye watazamaji wengi wamekaa juu. Jaribu mwenyewe: chagua gemu maarufu, kisha shuka na orodha mpaka umkute mwenye watazamaji watatu. Utachoka kidole kabla hujamfikia. Hapo ndipo utakapokaa wewe miezi ya mwanzo. Ukichagua gemu au mada yenye warushaji wachache, unaanza ukiwa juu zaidi kwenye orodha fupi, na hilo peke yake limewasaidia wengi kuliko kamera mpya.

TikTok mtu hakuja kukutafuta. Anatelezesha kidole, unamtokea, anakupa sekunde mbili tatu. Ndiyo maana warushaji wazoefu wa huko hurudia kusema wao ni nani na wanafanya nini kila baada ya muda mfupi, mpaka mgeni wa laivu nyingine anadhani wana matatizo ya kumbukumbu. Hawana. Chumba chao kinajaa na kumwagika kila dakika.

YouTube mlango mkubwa ni utafutaji na mapendekezo, na hapo laivu hushindana na video zilizorekodiwa. Usitegemee wageni wengi wakati uko hewani. Wengi watakuja baadaye, rekodi ikishakaa. Instagram huwaita wanaokufuata tayari. Facebook hutegemea sana vikundi, kurasa na watu wanaosambaza, na laivu yenye mabishano ya heri husambaa huko kuliko laivu nzuri iliyotulia.

Nina watazamaji watatu tu. Nibadilishe jukwaa?

Kwanza hesabu vizuri, maana mara nyingi mmoja kati ya hao watatu ni wewe mwenyewe kwenye simu yako nyingine.

Laivu huwapa nafasi wanaokujua ya kukaa nawe. Kuleta wageni ni kazi ya video fupi, video ndefu zilizorekodiwa, na klipu zinazokatwa kutoka kwenye laivu zenyewe. Kwa hiyo mwenye watazamaji watatu akihama huenda nao watatu, au wawili. Ningemshauri atoe klipu mbili za sekunde 40 kutoka kila laivu, azipeleke kunakotazamwa video fupi, afanye hivyo miezi miwili kwa siku na saa zilezile. Baada ya hapo ndipo mjadala wa kuhama una maana.

Watatu si haba, tena. Twitch kwa miaka mingi imetumia wastani wa watazamaji watatu kama mojawapo ya vigezo vya kumpandisha mrushaji daraja la Affiliate, ngazi ya kwanza ya kuanza kulipwa.

Kila jukwaa linaniruhusu kurusha tangu siku ya kwanza?

Hapana, na watu wengi hugundua nusu saa kabla ya tukio.

YouTube hutaka uthibitishe akaunti kwa namba ya simu, na ukiomba ruhusa ya laivu mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24. Kurusha kutoka kwenye apu ya simu kunahitaji angalau wafuatiliaji 50. Kutoka kwenye kompyuta sharti hilo halipo. Tangu tarehe 22 Julai 2025 mrushaji anatakiwa awe na miaka 16 au zaidi, na aliye chini ya hapo huonekana akiwa na mtu mzima anayesimamia matangazo. TikTok ni miaka 18, na idadi ya wafuasi inayohitajika, ambayo mara nyingi ni 1,000, hutofautiana kati ya nchi na nchi. Instagram iliweka sharti la wafuasi 1,000 na akaunti ya wazi mwezi Agosti 2025. Kabla ya hapo kila mtu aliweza. Facebook tangu Juni 2024 hutaka akaunti iwe na umri wa siku 60 na ukurasa au wasifu wa kitaalamu uwe na wafuasi 100.

Twitch na Kick (jukwaa jingine la laivu) hukuachia ufungue akaunti na kuanza. Hata kama hutaki kurusha mwezi huu, omba ruhusa ya YouTube leo. Ni dakika moja.

Ni lipi linalolipa vizuri?

Kwa asilimia, Kick. Lilipoanza mwishoni mwa 2022 lilikuja na mgawo wa 95 kwa 5 kwenye malipo ya wanachama (watazamaji wanaolipa kila mwezi), na ndilo lililowashtua wengine. YouTube humwachia mrushaji asilimia 70 ya malipo ya uanachama na ya Super Chat (pesa anazolipa mtazamaji ili ujumbe wake uonekane zaidi kwenye laivu). Twitch huanzia nusu kwa nusu, na wanaofikia viwango vya mpango wake wa Plus hupata 60 au 70. TikTok mtazamaji hununua sarafu, sarafu huwa zawadi, zawadi huhesabiwa kama almasi, na mwisho wa safari hiyo mrushaji hupata kama nusu ya thamani. Nyota moja ya Facebook na biti moja ya Twitch, ambazo mtazamaji huzinunua amtumie mrushaji, kila moja humpa mrushaji senti moja ya dola.

Sasa piga hesabu. Tuseme mwanachama hulipa dola 5. Wanachama wawili kwa mgawo wa asilimia 95 wanakupa dola 9 na senti 50. Wanachama 40 kwa mgawo wa nusu wanakupa dola 100. Asilimia nzuri ya kapu tupu ni kapu tupu. Swali la kuuliza ni wapi utapata watu 40, na hilo linaturudisha kwenye habari ya milango.

Kuhusu Kick kuna jambo ambalo ningependa ulijue kabla hujapeleka maudhui ya watoto au ya dini huko: waanzilishi wake ndio waliokuwa nyuma ya Stake, kampuni ya kamari ya mtandaoni, na laivu za kamari zina nafasi kubwa kwenye jukwaa hilo. Wapo wanaofanya kazi nzuri pale bila kugusa kamari. Lakini mdhamini wako au mzazi wa mwanafunzi wako akifungua ukurasa wa mwanzo, ataona atakayoyaona.

Na dokezo dogo: anayenunua sarafu au uanachama ndani ya apu ya simu mara nyingi hulipa zaidi kuliko anayenunua kwenye kivinjari, kwa sababu duka la apu nalo hukata chake. Watajie watazamaji wako.

Pesa yenyewe hunifikia vipi?

Kabla ya asilimia, kabla ya kila kitu, angalia kama nchi unayoishi imo kwenye orodha ya nchi ambako jukwaa hilo hulipa warushaji. Nimeona mtu akijenga hadhira mwaka mzima kisha akakuta kitufe cha malipo hakipo upande wake wa dunia. Orodha hizo huwa wazi kwenye kurasa za msaada. Kuzisoma ni dakika tano.

YouTube ina ngazi mbili. Ya kwanza, inayofungua Super Chat na uanachama, hutaka wafuatiliaji 500, video tatu za wazi ndani ya siku 90, na saa 3,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au mitazamo milioni 3 ya Shorts (video fupi za YouTube) ndani ya siku 90. Ya pili, inayoleta mgawo wa matangazo ya biashara, ni wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000, au mitazamo milioni 10 ya Shorts. Mapato hupitia AdSense, huduma ya Google ya matangazo na malipo, ambayo hulipa yakifika dola 100. Yakifika dola 10 tu hutumiwa namba ya siri kwa barua ya posta kuthibitisha anwani. Ndiyo, barua ya karatasi, kwenye biashara ya mtandao. Andika anwani ambayo barua hufika kweli.

Twitch kiwango cha chini cha kutoa pesa ni dola 50 kwa njia nyingi za malipo.

Usiruke fomu ya kodi ya Marekani hata kama hujawahi kukanyaga huko. Kwa mtu asiye Mmarekani, mapato yanayotokana na watazamaji walio Marekani yanaweza kukatwa hadi asilimia 30, na chini ya hapo kama nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani. Usipojaza fomu, Google, mwenye YouTube, inaweza kulazimika kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Fomu ya mtu binafsi huitwa W-8BEN na huijazi kwa wakili. Unaijaza mwenyewe ukiwa umetulia.

Nirushe kote kwa wakati mmoja, si ndiyo busara?

Inaruhusiwa siku hizi. Twitch, iliyokuwa kali zaidi kwa jambo hili, iliwafungulia warushaji wote Oktoba 2023, ila ikaweka masharti: ubora wa kule Twitch usiwe duni kuliko kwingine, usiwaelekeze watazamaji wa Twitch waondoke kwenda jukwaa jingine, na usionyeshe kwenye picha chati (ujumbe wa watazamaji) iliyochanganywa kutoka majukwaa mengine.

Ukirusha kote moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yako, kila jukwaa hula kasi yako ya kupakia. Mawili ni mara mbili. Huduma kama Restream hupokea mkondo mmoja kutoka kwako na kuusambaza wao, kwa hiyo mzigo wa mtandao wako haubadiliki.

Mimi simshauri mgeni aanze hivyo. Ukiwa na watu wanane, wanne huku, watatu kule na mmoja kwingine, umejitengenezea vyumba vitatu vitupu. Mtu wa Twitch anasikia ukimjibu mtu wa YouTube ambaye haoni alichoandika, anahisi amekuta watu wawili wakinong'ona. Anaaga. Subiri chumba kimoja kichangamke.

Mtandao wangu unatosha? Na bando litaisha lini?

Kinachokuhusu ni kasi ya kupakia. Matangazo ya kampuni za mtandao hupenda kutaja ya kupakua, na mara nyingi hizi mbili hazikaribiani. Ipime saa ileile utakayorusha, maana mtandao wa saa nne asubuhi na ule wa saa tatu usiku ni ndugu wasiosalimiana.

Kisha chagua bitireti (kiasi cha data unachorusha kila sekunde) isiyozidi kama theluthi mbili ya ulichopima. Picha ya 720p (ubora wa kati) hukaa vizuri kwenye kilobiti 2,500 hadi 3,000 kwa sekunde. Kwa kilobiti 2,500 unapakia karibu GB 1.1 kila saa. Kwa 4,500 ni karibu GB 2, na kwa 6,000, kiwango ambacho Twitch imekipendekeza kama cha juu kwa miaka mingi, ni GB 2.7. Laivu ya saa tatu kwa 6,000 inakaribia GB 8. Hilo ndilo bando.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye matangazo ya jukwaa lolote, na ambalo lingebadilisha uamuzi wa wengi. Ukirusha YouTube, mitambo yao huitengeneza picha yako katika viwango kadhaa vya ubora, kwa kila mrushaji, mkubwa kwa mdogo. Mtazamaji mwenye mtandao dhaifu hujishusha mwenyewe hadi 360p na kuendelea kukusikiliza. Twitch huduma hiyo huhakikishiwa washirika (Partner, daraja la juu kuliko Affiliate). Wengine huipata nafasi ikiwapo. Ukiwa mdogo na nafasi haipo, kila anayekutazama hupokea mkondo uleule uliourusha. Ukirusha kilobiti 6,000, naye anahitaji mtandao wa kumeza 6,000 bila kukwama. Wewe utaona picha safi kwako na kudhani watu hawapendi kipindi, kumbe kwao duara linazunguka tu. Ukiwa Twitch na watazamaji wako wanatumia data za simu, rusha 720p kwa 2,500 na usione haya.

Waya ukiwezekana, Wi-Fi kama hakuna jinsi. Kwenye enkoda (programu inayobana na kurusha picha) weka fremu kuu (keyframe) kila sekunde 2. Majukwaa makubwa ndivyo yanavyotaka.

Kwa nini watu hunijibu baada ya sekunde 15?

Kwa sababu picha husafiri ikiwa imekatwa vipande vya sekunde kadhaa, na kichezeshi cha mtazamaji hujiwekea akiba ya vipande kabla ya kuonyesha cha kwanza. Akiba kubwa hupunguza kukwama, akiba ndogo hupunguza kuchelewa. YouTube hukupa chaguo tatu: kuchelewa kwa kawaida, kidogo, na kidogo sana. Ukifundisha na kujibu maswali, chagua kidogo. Ukirusha tamasha au hotuba ambayo haimngoji mtu kujibu, acha kawaida. Usipuuze kuchelewa huku, lakini pia usihame jukwaa kwa ajili yake.

Simu inatosha, au ninunue kompyuta?

Simu inatosha kwa TikTok na Instagram, na kwa mwaka wa kwanza wa watu wengi. Pesa ya kwanza itoe kwenye maiki, ya pili kwenye taa, ya mwisho kabisa kwenye kamera. Weka simu kwenye hali ya kutosumbuliwa, kwani mtu akikupigia katikati ya laivu, baadhi ya apu husimama pale pale.

Ukihamia kwenye kompyuta, OBS Studio ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Imekuwepo tangu 2012 na warushaji wakubwa mno bado wanaitumia. Utaiunganisha na jukwaa kwa ufunguo wa kurushia, msururu wa herufi na namba unaoutoa kwenye akaunti yako. Ufunguo huo ni siri kama neno la siri. Aliye nao anaweza kurusha chochote kwenye chaneli yako bila kuingia kwenye akaunti. Watu huuonyesha bila kujua wakishiriki skrini kufundisha wenzao. Ikikutokea, bonyeza kitufe cha kuubadilisha papo hapo, hata kama kipindi kitakatika.

Na jifunze kwa kosa langu: niliwahi kuongea dakika 20 nzima maiki ikiwa imezimwa. Nilikuwa najitazama uso, nywele ziko sawa, taa iko sawa. Mtu mmoja aliandika "hatusikii" mara kumi na moja kwenye chati niliyokuwa nimeifunika na dirisha jingine. Tangu siku hiyo simu ya pili hukaa mezani ikicheza laivu yangu, sikio moja la spika za masikioni limo sikioni mwangu, na sianzi mada mpaka nijisikie nikirudi.

Kipindi kikiisha, rekodi hukaa muda gani?

Hapa ndipo mimi huchagulia jukwaa.

YouTube laivu isiyozidi saa 12 hujihifadhi kama video ya kawaida na kubaki mpaka uifute. Inatafutika, inapendekezwa, inaendelea kuhesabu saa za kutazamwa. Kuna laivu yangu iliyotazamwa na watu tisa usiku ule, na sasa huletewa maswali na watu nisiowajua, wakiniuliza kuhusu jambo nililolitaja katikati.

Twitch rekodi hukaa siku 7 kwa mrushaji wa kawaida, 14 kwa Affiliate na 60 kwa washirika. Zamani watu walikuwa wakiziokoa kwa kuzigeuza kuwa vipande teule (highlights), lakini tangu Aprili 2025 vipande hivyo na video ulizopakia vina kikomo cha jumla cha saa 100. Facebook ilitangaza kuwa kuanzia tarehe 19 Februari 2025 laivu mpya hukaa siku 30 kisha hufutwa, na za zamani zilianza kuondolewa pia baada ya wenyewe kupewa nafasi ya kuzipakua. Instagram hukuwekea kwenye kumbukumbu siku 30.

Kwa hiyo rekodi mwenyewe kwenye kompyuta yako kila mara. OBS inaweza kurusha na kurekodi kwa pamoja. Tumia faili la MKV badala ya MP4 ya kawaida: umeme ukikatika, MP4 ambalo halijafungwa vizuri mara nyingi halifunguki tena, ilhali MKV hubaki na yote yaliyorekodiwa mpaka sekunde ile. Baadaye OBS yenyewe hukugeuzia kuwa MP4 kwa muda mfupi.

Naweza kupiga muziki nikiwa hewani?

Muziki wako, ndiyo. Wa mwingine bila ruhusa, hapana, na kuandika jina la msanii kwenye maelezo hakugeuki kuwa ruhusa. Mwaka 2020 warushaji wengi wa Twitch waliamka na barua pepe za madai ya hakimiliki kwa klipu za miaka ya nyuma, wengine wakafuta kumbukumbu zao zote kwa hofu. YouTube huikagua laivu ikiwa hewani; inaweza kuweka picha ya tahadhari mahali pako au kukata matangazo. Maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli. Redio ya jirani inayosikika dirishani nayo ni muziki, ikisikika vya kutosha.

Maktaba ya sauti ya YouTube ina nyimbo za bure. Zinachosha, lakini hazikufungii chaneli.

Jukwaa likifa je?

Yamekufa mengi. Justin.tv, mzazi aliyezaa Twitch mwaka 2011, lilifungwa Agosti 2014, mwezi uleule Amazon ilipotangaza kuinunua Twitch kwa karibu dola milioni 970. Periscope ya Twitter ilizimwa Machi 2021. Kisa kinachofundisha zaidi ni Mixer, jukwaa la laivu la Microsoft: Microsoft ilimchukua Ninja, mrushaji aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote wakati huo, Agosti 2019, akahama na kelele zote. Tarehe 22 Julai 2020 Mixer ikafungwa. Waliobaki walielekezwa Facebook Gaming, na apu ya Facebook Gaming nayo ikaondolewa Oktoba 2022.

Wala si lazima jukwaa life, linaweza kukuhama. Twitch iliacha kazi Korea Kusini tarehe 27 Februari 2024 kwa sababu ya gharama za mtandao za huko, na warushaji wa nchi nzima wakatafuta kwa kwenda.

Kwa hiyo weka akiba ya vitu vitatu nje ya jukwaa: mafaili ya rekodi zako, njia ya kuwafikia watu wako isiyopitia jukwaa hilo (orodha ya barua pepe, kundi la ujumbe), na jina lako la mtandao (anwani ya tovuti yako mwenyewe) kama unaweza kulilipia.

Vipi nikirusha kutoka kwenye seva yangu mwenyewe?

Inawezekana. Owncast ni programu huria ya kazi hiyo na ina chati yake. PeerTube, inayotengenezwa na shirika la Framasoft la Ufaransa, ina laivu tangu toleo la tatu la Januari 2021. Hakuna atakayekufuta, na hakuna atakayekuletea mgeni hata mmoja. Inafaa kwa darasa, ibada au kikao ambacho watu wake unawajua na utawatumia kiungo.

Naogopa matusi kwenye chati.

Una haki. Kabla ya laivu ya kwanza washa kichujio cha maneno, washa hali ya mwendo wa polepole (kila mtu husubiri kidogo kabla ya kuandika tena), na mpe mtu mmoja unayemwamini usimamizi wa chati. Mwaka 2021 warushaji wengi wa Twitch walivamiwa na makundi ya akaunti bandia zilizomimina matusi ya kibaguzi, na baadaye Twitch ikaleta uwezo wa kuzuia chati kwa wasiothibitisha namba ya simu. Uwashe. Angalia pia kinachoonekana nyuma yako: dirisha linaloonyesha jengo mashuhuri, bahasha yenye anwani, ujumbe unaochomoza juu ya skrini.

Nimeamua kuhama. Nifanyeje nisiwapoteze?

Tangaza mwezi mmoja kabla, kwenye kila kipindi, ukitaja siku na saa ya kwanza kule mnakokwenda. Kipindi cha kwanza kipya kiwe siku na saa zilezile za zamani. Rekodi za zamani ziache, weka kiungo kipya kwenye maelezo ya kila moja, ukianza na zile zinazotazamwa zaidi. Akaunti ya zamani usiifute. Jina likiachwa wazi linaweza kuokotwa na mtu mwingine, naye atakuwa anapokea wageni waliokuja kukutafuta wewe.